Kistari cha Haraka

Mtoto wa mdogo wangu alichomwa chanjo yake ya kwanza akiwa na wiki saba, kwenye zahanati ndogo ya kijiji alikoolewa huyo mdogo wangu, na dawa iliyoingia pajani mwake ilikuwa imekwisha kufa. Iliyoiua ni barafu. Lakini kulikuwa na kengele iliyopaswa kulia kabla dawa haijafika kwenye sindano, na kengele hiyo niliifunga mdomo mimi, kwa kistari kimoja na herufi tano, nikiwa kibandani kwangu Masoko nakunywa chai ya tangawizi. Kijiji sikitaji. Watu wake wamenistahi vya kutosha, sitaki kuwaongezea wageni wa kuwauliza maswali.

Mimi ni fundi. Wengi wananijua kwa vioo vya simu na kompyuta zilizoingia maji ya bahari, na wapo wazee ambao mpaka leo wakinikuta mwanamke nimeshika bisibisi huuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nawaambia ametoka kidogo, wamsubiri, nao hukaa kwenye benchi wakaniangalia nikimaliza kazi yao. Ninachokipenda hasa si vioo. Napenda kuandika programu kwa lugha ya C, zile za vidude vidogo visivyo na kioo wala vitufe vingi, vinavyokaa mahali vikafanya kazi moja tu mpaka vife.

Programu ukishaiandika, kidude hakiielewi. Unaipeleka kwanza kwa kompaila, ambayo nayo ni programu, isome maneno yako na kuyageuza kuwa amri ambazo kidude kinaweza kuzifuata. Na hiyo kompaila unaweza kuiagiza namna ya kufanya kazi yake, kwa vineno vifupi unavyoviandika nyuma ya jina lake, kila kimoja kikianza na kistari. Mimi mwenyewe naviita hivyo, vistari. Viko mamia, na mafundi wengi wanavijua vinne vitano tu, vile walivyoonyeshwa na aliyewafundisha.

Mimi nilikuwa navijua vingi, na nilikuwa najivuna navyo. Kitabu cha maelezo yake kinakuja ndani ya kompyuta yenyewe, hakihitaji bando. Ni kirefu kuliko njia ya Liwale wakati wa masika, na ndani yake unakwama vilevile, lakini nilikipitia kwa miezi mizima wateja wakiwa hawapo. Nilijua kwamba -Wall, ambacho kwa jina lake kinadai kukupa maonyo yote, hakikupi yote. Lazima uongeze -Wextra, na bado kuna maonyo mengine yamekaa nyuma ya hayo, yanasubiri uyaite kwa majina yao moja moja. Nilijua -S, kinachokuonyesha amri zenyewe ambazo kompaila imezitoa kutokana na maneno yako. Nilijua kwamba ukiandika -Q na --help=optimizers kwa pamoja, kompaila inakiri, mstari kwa mstari, mambo yote iliyoyawasha bila kukuambia. Wenzangu niliosoma nao Dar wakituma swali kwenye kundi letu la simu, nilikuwa najibu kwa kistari kimoja tu bila maelezo, ili wahangaike kidogo. Ndivyo nilivyokuwa, na sioni faida ya kujipamba.

Muuguzi wa zahanati ile ni mama aliyenizidi umri kiasi cha kunizaa. Alikuja kibandani kwangu simu yake ikiwa haichaji, na nilipokuwa naifungua akaanza kunieleza shida ya friji lake la chanjo. Ni friji la sola. Kila asubuhi na kila jioni ilimbidi afungue mlango asome kipimajoto kilichomo ndani, na kila akifungua aliona kama analikaribisha joto liingie. Ukitoka Nangurukuru ukaiacha lami ukaelekea bara, upande wa Likawage na kwingineko, jua la miezi ya kabla ya mvua halina mswalie Mtume. Alichokiogopa mama yule ni joto tu. Mimi pia nilipofikiria friji katika nchi ile nilifikiria joto tu, na hakuna mtu niliyezungumza naye aliyefikiria kitu kingine.

Nikamtengenezea kidude. Waya mwembamba unaingia ndani ya friji, mwisho wake una ncha ya kupimia joto. Huku nje kuna kisanduku chenye betri, paneli ndogo na laini ya simu. Kila siku alfajiri kidude kinapima, kisha kinatuma meseji kwenye simu ya muuguzi. Mambo yakiwa sawa kinaandika neno moja, SALAMA. Neno hilo nililichagua mwenyewe na nililipenda. Kwetu mtu akikuuliza habari unajibu kwanza salama, hata kama mzee amelala ndani hajiwezi, hata kama umetoka kuzika. Salama inatangulia, halafu ndiyo inakuja ila. Niliona vizuri kidude nacho kiwe na adabu ya watu wa hapa, kiamke kiseme salama kama mtu mzima.

Kuhusu ukaguzi wenyewe nilikuwa mwangalifu, au nilidhani nilikuwa. Chanjo zile zinataka kukaa kati ya nyuzi mbili na nane. Niliandika masharti matatu. Joto likizidi nane, piga kengele utume meseji ya hatari. Likishuka chini ya mbili, fanya vilevile. La tatu ndilo nililoliringia: waya ukikatika, hesabu haitoi jibu lolote la maana, inatoa kitu ambacho kompyuta yenyewe inakiita si namba, kikitokea hicho, piga kengele, maana kidude kimepofuka. Nilichomoa waya pale kibandani, kikalia mpaka muuza mihogo wa jirani akaja kuuliza kuna nini.

Shida ikawa betri. Siku za mawingu ilikuwa haimalizi siku tatu. Nikataka kidude kimalize hesabu zake upesi kirudi kulala, kisile umeme. Ndipo nilipoongeza -Ofast. Ni kistari kinachoiambia kompaila itafute mwendo wa kasi kuliko wote. Kitabu kinasema waziwazi, kwenye aya ileile, kwamba kasi hiyo inapatikana kwa kutojali baadhi ya kanuni za hesabu. Nililisoma hilo kama mtu anavyosoma tangazo la karatasi lililobandikwa kwenye nguzo, macho yanapita, miguu inaendelea. Kidude kikawa chepesi, betri ikadumu. Nikapima tena sharti la joto kwa kuishika ncha mkononi, nikapima la baridi kwa kuitumbukiza kwenye jagi la barafu. La waya kukatika sikulirudia, kwa sababu lilikuwa limeshafanya kazi. Haraka haraka haina baraka, kila mtoto wa Pwani analala na kuamka na maneno hayo, na mimi nikaichukua haraka yenyewe nikaiandika kwa mkono wangu.

Miezi ikapita. Mdogo wangu akajifungua mtoto wa kike, wa kwanza. Muuguzi alikuwa akinipigia mara mojamoja kunishukuru, kwamba sasa hafungui mlango wa friji ovyo, anaamka anakuta salama yake kwenye simu, anaendelea na wagonjwa. Kipimajoto cha zamani alikuwa amekiacha. Nilimwambia mwenyewe akiache.

Siku moja alipiga nikiwa na mteja amesimama mbele yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za Masoko?"

"Nzuri. Za huko?"

"Huku salama kabisa. Jua kali, lakini salama. Mdogo wako na kichanga chake salama, jana nimewaona, mtoto kanenepa. Wiki ijayo namchoma. Korosho nazo zimependeza mwaka huu. Ila hili friji naona limeota barafu kidogo huku nyuma ukutani. Lakini kidude chako kila siku kinasema salama."

"Basi kama kinasema salama, ni salama, mama. Wewe kifuate hicho."

"Haya mwanangu. Wewe ndiye mwenye elimu yake."

Mama yule alikuwa ameniambia. Aliniambia kwa desturi yetu, jambo zito akaliweka mwishoni, nyuma ya korosho, na akaniachia mimi kazi ya kulisikia. Nimezaliwa katika desturi hiyo. Nikiwa mdogo nilimjua mgeni mwenye msiba kwa jinsi anavyosema salama. Siku ile sikusikia kitu, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kioo cha simu, na kwa sababu nilimwamini mtoto wa mkono wangu kuliko macho ya mtu mzima. Hilo linaniuma kuliko hata kile kistari.

Nilikwenda kijijini baada ya wiki tatu kumwona mtoto. Mdogo wangu alinipokea kwa vigelegele, akaniwekea mtoto mapajani kabla sijafungua viatu. Alikuwa mzito, ana mashavu, ananiangalia kwa dharau ya watoto wadogo. Mdogo wangu akaleta kadi ya kliniki anionyeshe alama za uzito zinavyopanda, kisha kidole chake kikashuka kwenye mstari wa chanjo.

"Hii ya kwanza tayari," akasema. "Bado mbili. Alhamdulillahi, maana ng'ambo ya bonde huko kuna kifaduro. Watoto wanakohoa mpaka wanabadilika rangi. Kuna mmoja wamemkimbiza hospitali."

"Wa hapa wamechomwa wote?"

"Wote tulioenda kliniki. Si tuna friji lenye fundi?" Akacheka, akanipiga kofi la mgongo.

Nikacheka naye. Jioni ileile, jua bado liko juu, nikapita zahanati kumwamkia muuguzi na kukitazama kidude changu. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilikwenda kama mtu anavyokwenda kusifiwa.

Muuguzi alifungua friji. Ukuta wa nyuma wote ulikuwa mweupe. Barafu ilikuwa imeota nene, imezungusha rafu ya chini, na vile visanduku vya chanjo vilivyoegemea ukuta vilikuwa vimegandana nayo. Kitufe cha kupunguzia baridi kilikuwa kimekwama. Friji lile linaendeshwa na jua moja kwa moja, kwa hiyo jua lilivyozidi kuwa kali, ndivyo lilivyozidi kuganda. Watu walikuwa wanajifuta jasho barazani, na humo ndani chanjo za watoto wao zilikuwa zinageuka jiwe. Nikautafuta waya wangu. Ulikuwa umeingia ndani ya barafu. Nilipouvuta ukaja bila ncha, kipande cha urefu wa kiganja; barafu ilikuwa imeukata ilipoanza tu kuota ukutani, kabla baridi haijashuka chini ya mbili pale ncha ilipokaa.

Nikaushika mkononi nikijiambia kwamba kidude kitakuwa kimepiga kelele na mama hakusikia, au laini imeisha salio. Kwenye kisanduku nilikuwa nimeweka kitufe cha kujaribia, ukikibonyeza kinapima na kutuma meseji palepale. Nikakibonyeza, waya uliokatika ukiwa umening'inia kwenye vidole vyangu. Simu ya muuguzi ikalia mfukoni mwa gauni lake. Akaitoa, akaisogeza mbali kidogo na macho, akasoma kwa sauti.

"Salama," akasema.

Nikabonyeza tena. Ikalia tena. Hakuisoma safari hii, alinigeuzia kioo nione. Nikauweka waya ule chini, mbele ya mtu niliyemwambia afuate hicho.

Nilikuwa na kompyuta yangu begani, huwa siiachi. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa nikaifungua. Maneno yangu yalikuwa palepale, masharti matatu, la tatu limeandikwa vizuri na hata maelezo pembeni nimeyaweka. Nikaiendesha kompaila na -S ili nione amri zenyewe kilizopewa kidude. Nikaliona sharti la kwanza. Nikaliona la pili. La tatu halikuwepo. Nilisoma kutoka juu mpaka chini mara tatu, nikiweka kidole kwenye kioo kama mtoto wa chuo cha Kurani anayejifunza herufi, na halikuwepo popote.

Kisha nikaandika -Q na --help=optimizers, kompaila ikakiri. Kile kistari cha haraka kilikuwa kimewasha vingine kundi zima, na kimojawapo ni -ffinite-math-only. Maana yake ni ahadi ambayo wewe mwandishi unaitoa: kwamba katika hesabu zako hakitatokea kamwe kitu kisicho namba. Mimi sikujua kama nimeahidi. Kompaila ni mtiifu, iliamini. Ikafika kwenye sharti langu la tatu, ikaona nauliza habari za kitu ambacho nimeapa hakipo duniani, ikaona swali lile ni upotezaji wa muda, ikaling'oa. Haikunipa onyo. Hata ningeweka -Wall na -Wextra na ndugu zao wote isingenipa, kwa sababu kwa upande wake hakukuwa na kosa, ilifanya nilivyoagiza. Vikabaki viswali viwili. Hiki kisicho namba kimezidi nane? Hapana. Kimepungua chini ya mbili? Hapana. Basi, salama. Na hivyo ndivyo kidude kipofu kilivyokuwa kikiamka kila alfajiri na kumsalimia mama yule.

"Chanjo zina alama," nikasema, nikitafuta pa kushika. "Kile kiduara chenye mraba. Si kingebadilika rangi?"

"Kile kinapima joto," akasema. "Baridi hakiioni."

Akachukua kichupa kimoja cha ile chanjo ya kifaduro, dondakoo na pepopunda, kutoka kwenye kile kisanduku alichokuwa anakitumia, ambacho dawa yake ilikuwa imeshayeyuka. Akaniambia dawa hii ikiwa nzima, ukiitikisa inakuwa na ukungu kama maji ya mchele, na ukungu haushuki upesi. Ikishaganda ikayeyuka, unga wake unajitenga na kuzama. Akaitikisa vizuri, akaisimamisha kwenye dirisha. Tukaitazama. Haikuchukua muda, juu kukabaki maji safi, na chini unga ukajikusanya. Alisubiri mpaka ukashuka wote.

"Mdharau mwiba mguu huota tende," akasema, na hakuniangalia. Nadhani alikuwa anajiambia mwenyewe, lakini mwiba ule aliuona yeye, na aliyeudharau ni mimi.

Tukafungua daftari la kliniki. Kulikuwa na siku mbili za kliniki tangu aliponipigia simu ile. Akaanza kusoma majina ya watoto kwa sauti ya chini, na kwenye ukurasa wa pili akasoma jina la mtoto wa mdogo wangu, akaligusa kwa kidole, akaendelea.

Muuguzi aliwapigia simu wakubwa wake palepale, akasema kila kitu bila kunificha wala kujificha. Chanjo mpya zililetwa kwa gari siku ya tatu, pamoja na fundi wa friji. Mwenyekiti wa kijiji akawaita akina mama wote waliokuwa kwenye daftari, wakaja na watoto migongoni, wakakaa barazani. Nikasimama nikawaeleza. Sikuwatajia vistari. Niliwaambia kidude nilichokitengeneza kilikuwa kinasema salama bila kujua, na kosa ni langu, si la muuguzi.

Mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo watoto wetu walichomwa nini?"

"Walichomwa dawa iliyokufa," muuguzi akajibu. "Haitawadhuru, lakini haiwalindi. Tunaanza upya leo."

Mdogo wangu alikuwa amekaa karibu na nguzo. Alisimama taratibu, akamkaza mtoto mgongoni kwa kanga.

"Na hii mpya, nani anailinda?" akauliza.

Friji lilikuwa limetengenezwa, kipimajoto kimerudishwa, daftari la joto limefunguliwa upya, yote hayo yangeweza kusemwa. Nikafungua mdomo.

"Wewe usiseme," akaniambia. "Dada, wewe nakuheshimu, umenilea. Lakini nilimleta mtoto hapa nikiwa naringa, nikawaambia wenzangu friji hili analisimamia dada yangu. Mtoto wangu hachomwi tena na kitu cha humu ndani."

Akaondoka. Mama aliyekaa kushoto kwake akanyanyuka, kisha wawili nyuma yake, kisha benchi zima. Sikuwalaumu. Kama mtu wa damu yangu hataki, wao wangebaki kwa lipi? Baraza likabaki na muuguzi, mwenyekiti, na sanduku la chanjo nzima kabisa lisilo na mwenyewe.

Nilikaa kijijini siku nyingine nne. Mdogo wangu alinipa chakula, alinitandikia mkeka, aliniita dada kama kawaida, ila mtoto hakunipa. Nikinyoosha mikono alikuwa anajifanya hajaona, anampitisha upande wa pili. Mume wake aliongea naye, mama mkwe aliongea naye, akawasikiliza kwa adabu na hakubadilika. Wakati huo kile kikohozi kilikuwa kinatembea. Siku ya pili tulisikia kimevuka bonde. Siku ya tatu nilikisikia mwenyewe kisimani, mtoto wa kama miaka mitatu ameshikwa mkono na bibi yake. Alikohoa mfululizo bila kupata nafasi ya kuvuta pumzi, mara nyingi kuliko nilivyodhani mtu anaweza, na alipoivuta pumzi mwishowe ilitoa mlio. Akina mama pale kisimani waliwavuta watoto wao nyuma. Mdogo wangu aliweka ndoo chini, akafunika uso wa mtoto wake kwa kanga, akarudi nyumbani bila maji.

Niliona hofu yake na nikaona hasira yake, na niliona vile viwili vinamvuta kila kimoja upande wake, na yule mtoto yuko katikati. Nilitaka kupiga kelele kwamba dawa ipo, iko hatua mia tatu kutoka hapa, ni nzima. Lakini neno nzima likitoka mdomoni mwangu lilikuwa na thamani gani? Nilikuwa nimelitumia lote.

Aliyepata njia ni muuguzi. Alichukua kichupa kimoja kipya, akakigandisha makusudi, akakiyeyusha. Asubuhi akaja nacho mpaka nyumbani kwa mdogo wangu, pamoja na kingine kizima kwenye kikasha cha baridi. Hakusalimia kwa kirefu. Akaweka ubao wa mbuzi ya kukunia nazi katikati ya uwanja, akampa vichupa vyote viwili mkononi.

"Tikisa wewe," akasema. "Mimi usiniamini. Tazama."

Mdogo wangu akavitikisa kwa nguvu, meno ameyauma. Akavisimamisha kwenye ubao. Akapiga magoti mbele yake, macho usawa wa vichupa, mtoto mgongoni. Majirani wakaja mmoja mmoja wakasimama. Kilichogandishwa kikaanza kushuka, maji safi juu, unga chini. Kingine kikabaki na ukungu wake. Hakuridhika. Akakaa nusu saa nzima juani, hakuna aliyemharakisha, na mtoto alipolia alimtikisa mgongoni bila kutoa macho kwenye ubao. Halafu akakichukua kile kizima, akamkabidhi muuguzi.

"Kichupa hikihiki," akasema. "Usibadilishe."

Akamfungua mtoto, akamshika paja. Mtoto alilia, na yeye akalia. Wale majirani wakaenda kuchukua watoto wao. Alipomaliza kumfunga tena alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu barazani aliniangalia usoni.

"Kinga inaanza lini?" akaniuliza.

Nilimtazama muuguzi. Muuguzi akasema ukweli, kwamba mwili unahitaji wiki kadhaa, na zinahitajika zote tatu ndipo mtu aseme ana ngome. Ile ya kwanza ingekuwa hai, sasa hivi ingekuwa imeshaanza kazi.

"Kwa hiyo wiki tatu zile," mdogo wangu akasema, na hakuimalizia.

Nilirudi Masoko. Nilikifuta kile kistari katika kila programu niliyowahi kuiandika, nikakaa siku nzima na -S nikisoma amri moja moja, nikihakikisha kila nililoliandika lipo. Muuguzi hakutaka kidude tena, na sikumrai.

Mtoto hakufa. Alikohoa zaidi ya miezi miwili, alikonda mpaka mashavu yale yakaisha, na wiki mbili katika hizo alilazwa hospitalini. Leo anatembea. Watu huniambia nimshukuru Mungu, nami namshukuru, na ninaposema hivyo namaanisha.

Ila kuna asubuhi ile, siku ya tisa baada ya vile vichupa. Nilikuwa kibandani, nimeshika simu ya mteja, yangu ikalia. Ilikuwa namba ya mdogo wangu. Nikapokea, nikamwita jina lake, hakuitika. Nilisikia kanga inakwaruza, akiisogeza simu chini, kifuani. Kisha nikamsikia mtoto anakohoa, anakohoa, anakohoa, halafu ile pumzi yenye mlio. Nikamwita tena. Hakuiondoa simu pale, na wala mimi sikukata. Nilisikiliza mpaka salio lake likaisha.